Pasha mikono kwanza

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya utabibu huku Makete, somo la pumbu mtafundishwa na baridi. Asubuhi ya Julai mama anakuletea mtoto wa miaka mitatu, unamgusa na vidole kama barafu, unakuta mfuko mtupu. Unaandika "korodani hazijashuka", unampa rufaa. Akifika hospitali anakutwa nazo zote mbili. Mimi yamenikuta zaidi ya mara moja, mpaka nikajifunza kushika kikombe cha chai ya moto kabla ya kumgusa mtoto.

Ngozi ya pumbu haina mafuta chini yake. Ina msuli mwembamba, datosi, ambao kwenye baridi huikunja mpaka ikawa kama ganda la parachichi la Hass. Msuli mwingine, krimasta, huivuta korodani yenyewe juu, kwenye kinena. Yote hayo ni kulinda kiwanda: mbegu hutengenezwa vizuri kwenye joto la nyuzi 2 hadi 4 chini ya lile la mwili. Joto likizidi, misuli inalegea na mfuko unaning'inia. Hata damu inayoingia kwa ateri inapoozwa njiani na vena zilizoizunguka, mishipa inayorudisha damu iliyopoa.

Kwa hiyo mkalishe mtoto kitako, miguu ameikunja, kisha teleza vidole kutoka kinenani kushuka chini. Korodani ikishuka ikatulia kidogo, haina shida kubwa. Muulize mama kama huziona akimwogesha kwa maji ya moto. Isiposhuka kabisa na mtoto ameshatimiza miezi 6, hapo mpe rufaa, maana upasuaji unatakiwa kabla ya miezi 18.

Ya kushoto kuning'inia zaidi ni kawaida, msimtishe mtu. Uvimbe ukiwa pumbuni, jaribu kuushika kwa juu: vidole visipoupata mwisho wake, fikiria ngiri. Ukipatikana, na tochi ya simu ikauangaza mwekundu, mara nyingi ni maji. Kwa mtoto mchanga msiiamini sana tochi, hata utumbo ulioshuka kwa ngiri huangaza.

Lililobaki ndilo linaloniuma. Mvulana wa miaka 14 alikuja usiku akisema tumbo. Korodani huanzia tumboni, karibu na figo, mtoto angali mimbani, ikashuka na neva zake. Ikijisokota, maumivu hupanda kule ilikotoka. Na kijana ana aibu, mama yake amesimama pale pale. Nilimpa dawa ya tumbo. Sikumfunua. Alirudi kesho yake jioni, pumbu limevimba, nikimkwaruza paja kwa ndani korodani haipandi kama ya mzima inavyopanda. Saa 6 za kuiokoa zilikuwa zimepita zamani. Ilitolewa.

Siku hizi mvulana akisema tumbo, namwomba mama atupishe kidogo, nesi wa kiume anabaki, namwomba kijana ruhusa nitazame. Nikiwa na shaka napiga simu ya gari la wagonjwa kwanza, maelezo naandika baadaye.