Maswali ya kriketi wiki hii: mgongo wa mtoto hauna spea

Mwanangu ana miaka 14, anarusha kwa kasi kwa mkono wa kulia. Jumamosi alirusha ova 10 mfululizo (ova moja ni mipira sita), Jumapili akarudishwa tena. Sasa kiuno kinamuuma upande wa kushoto. Kocha anasema ni misuli, tumchue. – Mama, Njiro

Pole sana mama. Acheni kumchua, na asirushe hata mpira mmoja mpaka aonwe na daktari wa mifupa. Kama una njia ya kufika hospitali ya KCMC, Moshi, nenda. Ukifika, usiishie kusema "mgongo unamuuma". Sema anarusha kwa mkono wa kulia, maumivu yako chini ya mgongo upande wa kushoto, na eleza kama yanazidi akijipinda kwenda nyuma. Kwa warushaji wa kasi wanaokua, pingili ya kiuno hupata ufa mdogo, na mara nyingi huwa upande wa pili wa mkono wanaorushia. Eksirei ya kawaida inaweza isiuoneshe ufa huo mwanzoni, kwa hiyo uliza kuhusu kipimo cha picha cha MRI. Akikutwa nao atapumzika kwa miezi. Akilazimishwa kucheza nao, anaweza kuupoteza mchezo kabisa.

Tatizo hili halitokani na bahati mbaya. Uingereza wameweka mipaka: mrushaji wa kasi aliye chini ya miaka 13 haruhusiwi kuzidisha ova 5 kwa mfululizo wala ova 10 kwa siku. Chini ya miaka 15 ni ova 6 kwa mfululizo na 12 kwa siku. Huyu wako alipewa 10 kwa mkupuo, akiwa na mifupa ambayo haijakomaa! Tena huku kwetu mtoto mmoja hurusha shuleni asubuhi, jioni klabuni, Jumamosi kwenye mechi, na hakuna mtu hata mmoja anayejumlisha. Kila kocha anahesabu za kwake tu.

Mkumbukeni Pat Cummins, mrushaji wa kasi wa Australia. Novemba 2011, akiwa na miaka 18, aliichezea Australia mechi yake ya kwanza ya Test (mechi ndefu za siku kadhaa, nchi kwa nchi) jijini Johannesburg, akachukua wiketi 7, yaani akawatoa wapigaji saba, na kuwa mchezaji bora wa mechi. Test yake ya pili aliicheza Machi 2017. Kati hapo, mgongo ulimrudisha nyuma tena na tena. Huyo alikuwa na madaktari na walimu wa viungo wa nchi tajiri. Mtoto wa Njiro ana dawa ya kuchua na kocha anayetaka kikombe cha Jumapili.

Na ninyi wazazi mnaokaa pembeni ya uwanja mkipiga kelele "mpe mpira, mpe mpira", mnachangia pia.

Nitampataje wakala wa kumwingiza mwanangu akademi ya klabu ya kulipwa Uingereza? – Baba, Sakina

Swali hili nimeshalijibu mara nyingi mno, na bado linakuja kila mwezi. Kaunti 18 za daraja la kwanza kule, yaani klabu za kulipwa za mikoa, hutafuta vijana wao kwenye shule na klabu za maeneo yao, huwafuatilia miaka kadhaa kwenye timu za rika, kisha huchukua wachache kuingia akademi. Mchezaji wa kulipwa kutoka nje anahitaji uthibitisho wa chama kinachosimamia kriketi kabla hajaomba visa, na uthibitisho huo unaangalia amecheza kiwango gani. Barua ya wakala haina uzito wowote hapo. Atakayekuomba pesa ya "nafasi ya majaribio", usimpe. Mnunulie mtoto helmeti.

Je, tukimpunguzia miaka miwili ili acheze timu ya chini ya miaka 16? – Mzazi, Moshi

Hapana. Ni uongo, na unamnyang'anya nafasi mtoto wa mwenzio. India hupima hata mifupa ya kifundo cha mkono kwa eksirei kugundua udanganyifu huo.

Vaibhav Suryavanshi wa India amecheza IPL, ligi yao ya kulipwa, akiwa na miaka 14. Mimi nina 15. Niache shule nijikite kwenye kriketi? – Kijana, Pasua

Usiache, mdogo wangu. Ni kweli, Aprili 2025 alifikisha mikimbio 100 kwa mipira 35. Lakini alikwisha kulichezea jimbo lake la Bihar kwenye Ranji Trophy, mashindano ya majimbo ya India, tangu Januari 2024. Kabla umaarufu haujamfika, alikuwa na mechi za ushindani ndani ya nchi yake. Wewe mwaka huu umecheza mechi ngapi zenye waamuzi na mpira mgumu? Kama hazifiki kumi, shule haikuzuii chochote. Unachokosa ni mechi, na hizo wadai kwa kocha wako.

Binti yangu wa miaka 9 aanze lini mpira mgumu? – Mama, Kaloleni

Hakuna haraka. Mpira wa tenisi uliozungushiwa solotepu unamtosha kwa sasa. Baadaye mpe wa watoto, wenye gramu 133 hadi 144. Wa wanaume watu wazima unafika gramu 163, huo asiuguse. Na bila helmeti asisimame mbele ya mpira mgumu, hata mazoezini.

Shuleni kwetu wasichana wanapenda sana kriketi. Tunataka kuanzisha akademi. Tuanzie wapi? – Mwalimu, Moshi

Mwalimu, swali lako limenifurahisha. Ila neno akademi liwekeni pembeni kwanza. Nimeona mabango mengi ya akademi kwenye viwanja visivyo na mechi.

Tazameni Rwanda. Wasichana wao walifuzu Kombe la Dunia la chini ya miaka 19 la 2023 na wakawafunga Zimbabwe na West Indies. Vijana wetu wa kiume nao walishinda mchujo wa Afrika 2025 na kufuzu Kombe la Dunia lao la 2026. Na kriketi ya wanawake itakuwamo kwenye Olimpiki ya Los Angeles 2028.

Tafuteni shule tatu za jirani, pangeni ratiba mapema, mechi nyingi ziwe kabla na baada ya masika, mchezane kila wiki mbili. Mnahitaji mkeka wa wiketi (wa kutandika pale mpira unapodunda), helmeti za kupokezana, na daftari la kuandika ova za kila mrushaji, za mechi na za mazoezi. Nikija Moshi nitaomba kuliona hilo daftari kabla sijaangalia mchezo.