Breki inazama mzunguko wa tatu, ni masta silinda?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Subaru Impreza ya manyo (gea za mkono), mi na wenzangu huwa tunafanya mazoezi jumamosi kwenye kiwanja cha vumbi nje ya mji, tumepanga koni na hakuna magari mengine. Mizunguko miwili ya kwanza iko poa, wa tatu pedeli inakuwa laini inazama mpaka nipampu, nikipumzika nusu saa inarudi. Afu kuna sehemu ina matuta matuta kabla ya kona, nikikanyaga kwa nguvu pedeli inakuwa ngumu kama jiwe na gari inaenda tu, siku moja taa ya ABS (ule mfumo unaozuia tairi kufunga ukikanyaga breki) ikawaka, nilipozima na kuwasha gari ikapotea. Fundi wangu anasema nibadilishe masta silinda, yaani ile pampu ya pedeli inayosukuma mafuta ya breki, na tukate waya za ABS. Nifanyeje? – Kijana wa Njiro, Arusha

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwanza jumamosi hii usiende, pedeli inayozama sio ya kujaribia bahati. Pili, hapo una matatizo mawili au hata matatu tofauti, na mguu wako umeshayatofautisha vizuri tu, kwa hiyo usinunue kitu bado.

Hiyo ya kuzama ikiwa moto na kurudi ikipoa, mimi naona ni mafuta ya breki yanachemka. Mafuta haya yanavuta unyevu wa hewani kidogo kidogo, na kadiri yanavyovuta ndivyo yanavyochemka mapema, yaani DOT 3 (DOT ni daraja la mafuta ya breki) ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 lakini ikishavuta unyevu kiwango ni 140 tu, DOT 4 ni 230 na 155, DOT 5.1 ni 260 na 180. Yakichemka yanatoa mvuke ndani ya paipu, mvuke unabonyea, mguu unazama, gari ikipoa mvuke unarudi kuwa majimaji na we unadhani imepona. Ndo hichohicho kinachowakuta wanaoshuka Marangu na gari limejaa ndizi huku wamekalia breki badala ya gea. Masta silinda iliyokufa haingoji moto: asubuhi gari ikiwa baridi washa injini, kanyaga taratibu ushikilie dakika moja, ikizama polepole na hakuna sehemu inayovuja, hapo fundi wako yuko sahihi. Kuna mteja nilishambadilishia masta silinda mbili kwa kukosa kufanya jaribio hilo, pesa ya mtu ikaenda bure na inaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo mwaga mafuta yote, weka DOT 4 au 5.1 ya chupa mpya, sio ile iliyokaa imefunguliwa tangu mwaka jana, na toa hewa kwenye paipu za breki za magurudumu yote manne. DOT 5 usiiguse, ile ni ya silikoni, haichanganyiki na hizi na haifai kwenye ABS. Wakati tairi ziko nje angalia kama pini za kalipa (kile kinachobana pedi) zinateleza, pini ikikwama pedi inasugua muda wote, na pedi zikiwa nyembamba moto unapita moja kwa moja kwenda kwenye mafuta. Ila siku pedeli ikibaki juu na ngumu, unasikia harufu ya kuungua na gari haikamati, hiyo sasa ni pedi zimezidiwa na moto, mafuta hayahusiki.

Pedeli kuwa jiwe kwenye matuta ni kitu kingine kabisa. Tairi inaruka, ukikanyaga ghafla inafunga papo hapo, ABS inadhani uko kwenye utelezi mkali na inaachia presha. Achia kidogo ukanyage tena kwa kukaza taratibu, anza breki kabla ya matuta, na kapime shokapu.

Taa nayo isomwe na mashine inayoingia kwenye ABS, maana vimashine vingi vya bei rahisi vinasoma injini tu. Mwenzako aendeshe kilomita 20 hadi 30 kwa saa, we tazama spidi za magurudumu manne, moja ikidondoka sifuri wakati zingine zinasoma, anzia hapo: sensa yenye matope au vumbi la chuma, waya uliokatika, beringi yenye mchezo.

Kukata waya nakataa. Ni kweli kwenye vumbi laini ABS inaweza kurefusha kusimama, kwa sababu tairi iliyofunga inakusanya udongo mbele yake, lakini gari hiyohiyo unarudi nayo barabarani mvua inanyesha. Na kwenye magari mengi ukiizima ABS ule ugawaji wa nguvu ya breki kati ya mbele na nyuma nao unakufa, nyuma inafunga kwanza na gari inazunguka.

Ukishaweka mafuta mapya nenda mizunguko miwili, wa tatu uwe wa polepole breki zipoe, na ukipaki moto usivute hendibreki. Ikizama tena niandikie ni gurudumu lipi lilikuwa na moto kuliko mengine.