Maswali ya wasomaji: Tukiungana soko moja, maskini anamfikia tajiri?

SWALI: Habari mhariri. Kuna ubishi umetushinda kazini. Mwenzangu anasema nchi zikiungana kiuchumi mipaka ikafunguliwa, zile maskini lazima zizifikie tajiri, ni suala la muda tu. Mi nabisha, naona tajiri ndo wanazidi kuneemeka. Nani yuko sahihi?

JIBU: Hakuna kati yenu mwenye sheria ya kuegemea. Hoja ya mwenzako ni kwamba nchi yenye mitambo michache ikiongeza mmoja inapata faida kubwa kuliko kule ilikojaa, alafu mishahara iko chini na teknolojia unaiga tu, huianzi upya, kwa hiyo mtaji utahamia huko wenyewe. Ni kweli, ila na wewe una hoja, kwasababu kiwanda kinapenda kukaa karibu na umeme wa uhakika, mafundi, wateja na viwanda vingine, na mwenye kampuni aliyekuwa anajenga kila nchi ili kukwepa ushuru, ukishaufuta ushuru anajenga kimoja tu, na atakijenga kulekule kulikokwisha changamka.

Angalia Umoja wa Ulaya. Polandi imeingia 2004 pato la kila mtu likiwa kama nusu ya wastani wa umoja (hapo tofauti ya bei kati ya nchi na nchi imesharekebishwa), leo inakaribia asilimia 80. Ugiriki iliingia mapema zaidi, 1981, na kabla ya mgogoro wa fedha wa 2008 ilikuwa imeusogelea kabisa huo wastani, ikaja kupoteza karibu robo ya uchumi wake na mpaka sasa haijarudi ilipokuwa. Soko ni lilelile, na zote mbili zimepokea mabilioni ya mifuko ya kusaidia nchi zilizo nyuma, sasa mbona moja imepanda nyingine imeshuka?

Mi naangalia hela ziliingia wapi. Polandi zilijenga viwanda vinavyouza nje, hasa Ujerumani. Ugiriki ilipoanza kutumia yuro 2001 riba ilishuka, mikopo ikamiminika, nyingi ikaishia kwenye matumizi, na wakopeshaji walipokimbia, nchi haikuwa tena na sarafu yake ya kushusha thamani ili bidhaa zake ziwe rahisi nje. Polandi imebaki na zloti yake, ikashuka kipindi kilekile, na 2009 ndo ilikuwa nchi pekee ya umoja ambayo uchumi wake haukusinyaa.

Alafu msichukue hizo takwimu za pato kama zilivyo jamani. Ayalandi 2015 uchumi ulikua kama asilimia 25 kwa mwaka mmoja, kisa makampuni makubwa ya nje yalihamishia hakimiliki zao pale kwa sababu za kodi, mfukoni kwa mwananchi hakuna kilichokua hivo. Na Bulgaria ilikuwa na watu karibu milioni 9 mwishoni mwa miaka ya 1980, sasa hawafiki milioni 7, vijana wengi wako magharibi, kwa hiyo pato likigawanywa kwa waliobaki linaonekana limenona.

SWALI: Hiyo ni Ulaya. Jumuiya yetu ya kwanza ya Afrika Mashariki si ilivunjika kwa mambo hayahaya?

JIBU: Kwa sehemu, ndiyo. Siasa zilichangia sana, hasa baada ya Amin kuchukua Uganda 1971, lakini manung'uniko ya mgawanyo ni ya zamani kuliko hapo. Viwanda vilikuwa vimejazana Kenya tangu ukoloni, Tanzania na Uganda zinanunua tu. Mwaka 1964 wakakubaliana Kampala kugawana viwanda, utekelezaji ukasuasua. Mkataba wa 1967 ukaja na kodi maalumu iliyoruhusu nchi inayouza kidogo kwa wenzake kutoza bidhaa za viwandani za jirani ili na yenyewe ilee viwanda vyake, na ikaanzishwa benki ya maendeleo ambayo Tanzania na Uganda kila moja ilipangiwa asilimia 38.75 ya uwekezaji na Kenya 22.5.

Kwa maoni yangu dawa waliijua, ila dozi ilikuwa ndogo. Benki haikuwa na mtaji wa kuhamisha kiwanda chochote cha maana, na ile kodi ilimlinda kila mmoja kwake bila kumpa soko la jirani, mwishowe mnakuta mnajenga viwanda vya aina moja vitatu vinavyogombania wateja walewale. 1977 jumuiya ikafa. Ya sasa, iliyoanzishwa kwa mkataba wa 1999, ina ushuru wa forodha wa pamoja, ila mfuko wa kufidia wanaoachwa nyuma unaolingana na ule wa Ulaya bado haina.