Dengue haikai mtaroni: kwa mnaoanza kazi ya afya mitaani

Wadogo zangu mliopangiwa kata za Dar es Salaam, mwaka 2014 dengue ilipolipuka na Kinondoni kuumia zaidi, nilikuwa mgeni kazini kama ninyi. Nilianzia mitaroni. Tulifukua tope wiki nzima, na wagonjwa wakazidi kuja.

Mbu wa dengue, Aedes, hutaga kwenye vyombo vyenye maji yaliyotulia karibu na watu, si kwenye tope la mtaroni. Viluwiluwi vyake nilivikuta uani kwa mama msafi kuliko wote mtaani, ndani ya pipa lililofunikwa nusu. Nikamwambia ayamwage maji yale. Akaniuliza, "Mwanangu, nikiyamwaga wanangu wataoga nini? Bomba lenyewe halijatoka tangu juzi." Sikuwa na jibu, na mpaka leo naona aibu kwamba nilifika pale bila kuwaza habari ya mgao.

Siku hizi tunayachuja kwa kitambaa, tunafunika mdomo wa pipa kwa chandarua kikuukuu na kukikaza kwa tyubu ya baiskeli. Maji yakiisha, pipa lisuguliwe ndani kwa brashi, na lisuguliwe kweli. Mayai hugandamana ukutani juu kidogo ya maji, hukaa makavu miezi kadhaa, kisha huanguliwa maji yakirudi. Kwa joto letu, mbu hukamilika kwa takriban siku 7 hadi 10. Ukipita nyumba mara moja kwa mwezi, umechelewa.

Nenda na mjumbe, piga hodi, amkia, mfunulie mwenye nyumba pipa avione viluwiluwi kwa macho yake. Gereji usizisahau: matairi chakavu yawekwe chini ya paa au yatobolewe.

Watu watakwambia, "Sisi tunalalia neti." Waendelee, malaria ipo. Ila Aedes huuma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla ya giza.

Na kipimo cha malaria kikisoma hasi kwa mtu mwenye homa kali, anayeumwa viungo na nyuma ya macho, usimwache aende dukani kununua diklofenaki, ibuprofeni au aspirini. Zinaweza kuzidisha kutoka damu. Apelekwe akapimwe dengue, anywe maji mengi, dawa ya homa iwe parasetamo. Waambie nduguze wasilegee homa ikishuka, kati ya siku ya 3 na ya 7 tangu augue. Tumbo likimkata, akitapika mfululizo au fizi zikitoka damu, awahishwe hospitali saa hiyohiyo, hata kama mwili umepoa.