Kwa nini panga la nondo halishiki makali? Jibu langu kwa mleta uzi

Mkuu, umesema ulipeleka nondo ya milimita 16 kwa fundi, akaiponda vizuri na kukutengenezea panga. Likanolewa likawa kali, lakini ukikata matawi mawili matatu makali yanajikunja, na ukigonga kisiki panga lenyewe linapinda. Umeuliza kama fundi amekuibia au nondo za siku hizi ni feki. Mimi nafua chuma na kuchomelea hapa Morogoro, kazi niliyorithi kwa baba mdogo, na swali lako wateja wananiletea mara kwa mara. Kwa ulivyoeleza, sioni wizi wa fundi wala ufeki wa nondo. Nondo imetengenezwa kwa kazi nyingine kabisa.

Chuma kina tabia kadhaa, na wengi wetu tunazitia kapu moja tukisema "hiki kigumu, hiki laini". Kuna chuma kukataa kukwaruzwa, na hiyo ndiyo inayolinda makali. Kuna kukataa kuinama unapokibebesha mzigo. Kuna kurudi kilivyokuwa mzigo ukiondoka. Halafu kuna kupokea pigo bila kupasuka. Kipande kimoja kinaweza kuwa hodari kwenye moja ya hizo na kikawa dhaifu kabisa kwenye nyingine.

Nina jaribio ambalo huwa nawafanyia vijana wanaokuja kujifunza. Chukua ubapa wa nondo iliyopondwa na ubapa wa springi ya gari, upana sawa, unene sawa, urefu sawa. Bana vyote kwenye jiliwa, kisha tundika ndoo yenye mchanga kidogo kwenye ncha ya kila kimoja. Kila kijana anatarajia wa nondo uiname zaidi. Pima kwa rula: vimeinama sawasawa. Vyuma vya aina hii, laini au vilivyotiwa ugumu, vinakataa kuinama kwa kiasi kilekile karibu sawa. Tofauti inajitokeza ukiongeza mchanga. Nondo inafika mahali inakubali, ukitoa ndoo inabaki imepinda. Springi inaendelea kushuka, ukitoa ndoo inarudi pale pale ilipokuwa. Panga lako linapinda kisikini kwa sababu limevuka kikomo chake cha kurudi, na kikomo cha nondo kiko chini sana ukilinganisha na cha springi.

Chanzo kikubwa cha tofauti hiyo ni kaboni, ileile iliyomo kwenye mkaa. Nondo kwa kawaida ina kama robo ya asilimia moja au pungufu. Springi ya gari ina zaidi ya nusu asilimia. Tupa, ile tunayonolea misumeno, ina asilimia moja na ushee. Ukipita asilimia mbili unaingia kwenye chuma cha kumimina, kama kile cha drum za breki, ambacho ukikipiga nyundo kinakatika bila kupinda kwanza. Kiasi ni kidogo hivyo, lakini ndicho kinachoamua kama kisu ni kisu.

Kinachotokea ni hiki. Chuma kikipata moto wa kutosha, chembe zake zinabadilisha mpangilio na kaboni inapata nafasi ya kuingia katikati yake. Ukikipoza polepole, chembe zinarudi kwenye mpangilio wa zamani na kaboni inajitenga. Ukikipoza ghafla, kaboni inanasa ndani kabla haijatoka, mpangilio mzima unakuwa umebanwa, na chuma kinakuwa kigumu mno. Nondo haina kaboni ya kutosha kunaswa. Ndiyo maana hata fundi wako angelizamisha panga lile kwenye maji ya barafu, lisingekuwa panga.

Kuna mchangiaji huko juu kaandika kwamba elimu hii ililetwa na wageni. Hapana. Ng'ambo ya magharibi ya Ziwa Victoria, Buhaya, watu walikuwa wanayeyusha chuma chenye kaboni zaidi ya miaka 1500 iliyopita. Watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walikaa na wazee wa Kihaya miaka ya 1970, wazee wakajenga tanuri upya kwa kumbukumbu za ujana wao, na matokeo yakachapishwa mwaka 1978. Shimo la tanuri lilijazwa matete ya kinamasi yaliyochomwa, na hayo ndiyo yaliyochangia kaboni. Mabomba ya udongo ya mvukuto yaliingizwa ndani kabisa ya tanuri, ili hewa ipate joto kabla ya kukutana na mkaa. Naliandika hili kwa fahari, na vijana wanaofua chuma walijue.

Sasa, nondo ni nzuri kwa lipi? Kwa zege, na huko haina mpinzani. Fundi wa kusuka nondo anataka aikunje kona bila kuvunjika. Jengo likizidiwa, nondo inavutika kwanza, zege linaonyesha nyufa, na watu wanapata nafasi ya kutoka. Jingine ambalo wengi hawalifikirii ni joto. Chuma cha mita 10 kikipanda nyuzi 30 kinarefuka kama milimita tatu na nusu, na zege nalo linarefuka karibu kiasi hicho. Vinakwenda pamoja jua likichoma, vinarudi pamoja usiku. Ungeweka alumini mle ndani ingerefuka karibu mara mbili ya chuma, na zege lingeanza kuachia.

Na hapa naomba niwaambie wanaojenga. Nondo nyingi za siku hizi zinapigwa maji kiwandani zikiwa bado nyekundu, ngozi ya nje inakuwa imara kuliko moyo wake. Nguvu mnayolipia iko kwenye ngozi hiyo. Mkiona fundi anaichoma nondo kwa gesi mpaka iwe nyekundu ili aikunje kirahisi, msimamisheni. Ameiua. Nondo inakunjwa ikiwa baridi.

Turudi kwenye panga. Unataka jani la springi ya pikapu. La lori ni nene, utateketeza mkaa na mikono bure. Kwa wauza skrepa utakuta vyuma vya kila aina vimerundikana, na kutu inavifananisha vyote. Gusa kwa grenda kidogo, kivulini, uangalie cheche. Nondo inatoa mistari mirefu iliyonyooka, yenye matawi machache. Springi inatoa mistari inayopasuka na kugawanyika mwishoni. Tupa inapasuka karibu kabisa na jiwe, cheche zinajaa matawi. Chuma cha kumimina kinatoa cheche fupi zenye wekundu uliofifia. Usilinganishe na kumbukumbu: beba kipande cha springi unachokijua, gusa kimoja, gusa kingine, hapo hapo.

Halafu kagua nyufa. Springi iliyotupwa imeinama na kurudi mara nyingi kuliko mtu anavyoweza kuhesabu, na chuma kinachoka hivyo hata kama mzigo haukuzidi. Ufa unaanzia mara nyingi kwenye tundu la bolti ya katikati, mwembamba hata jicho halioni. Safisha kwa brashi ya waya, paka mafuta ya taa, subiri kidogo, futa mpaka pakauke, kisha sugua chaki nyeupe. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yatapanda na kuchora mstari mweusi juu ya chaki. Ukiuona, kata mbali nao. Sehemu ya tundu mimi huwa siitumii kwa panga hata kama haina mstari.

Kuliponda umbo sitaeleza sana, fundi wako anajua. Kinachowashinda wengi ni moto wa mwisho. Fanya kivulini au jioni, maana juani chuma cha rangi ya chungwa kinaonekana cheusi na utakiunguza. Funga sumaku kwenye waya. Chuma kikifika karibu nyuzi 770 sumaku inaacha kukishika. Hapo ongeza moto kidogo tu, rangi iwe sawa kutoka ncha hadi shina, kisha zamisha kwenye oili iliyopashwa moto kidogo. Ingiza makali yakiwa yametangulia, wima, usilaze ubavu maana litapinda kama kipande cha ngozi juani. Usitumie maji kwa springi ya gari. Nimeshuhudia kwenye karakana ya jirani jani zuri la springi likizamishwa kwenye ndoo ya maji, ukasikika mlio mwembamba mmoja, na lilipotoka lilikuwa na ufa kuanzia kwenye makali hadi katikati. Maji yanapoza upesi mno kwa chuma cha aina hiyo, ngozi inajikaza wakati moyo bado unabadilika.

Likitoka kwenye oili, jaribu kwa tupa. Ikiteleza bila kung'ata, ugumu umeingia. Na hapa ndipo wengi wanapopeleka panga shamba kwa furaha, likakatika vipande viwili siku ya kwanza. Chuma kilichotoka kuzamishwa ni kigumu kupita kiasi, kinakataa kukwaruzwa lakini hakiwezi kupokea pigo. Lazima ukilegeze. Sugua upande mmoja kwa msasa mpaka ung'ae, kisha pasha moto taratibu ukianzia mgongoni, mbali na makali. Utaona rangi zinaanza kutembea juu ya chuma: manjano ya majani makavu, kahawia, zambarau, bluu. Manjano ni kama nyuzi 225, bluu inakaribia 300. Rangi hizi zinatokana na ngozi nyembamba ya kutu inayojengeka juu ya chuma, na unene wake unakuambia joto limefika wapi. Ni kipimajoto ambacho hakihitaji duka.

Kwa patasi ya seremala ningesimamisha kwenye manjano, maana inagongwa kistaarabu na inahitaji makali ya kudumu. Panga linagonga visiki na mawe, kwa hiyo nataka mgongo uwe bluu kabisa na zambarau iwe imeyafikia makali. Tindo la kukatia chuma nalegeza ncha tu mpaka zambarau, na kichwa kinachopigwa nyundo nakiacha laini kabisa, kwa sababu kichwa kigumu hurusha vipande machoni. Chuma ni kilekile na moto ni uleule, ila kila kazi inadai pake pa kusimama. Rangi ikifika unapotaka, poza.

Mpini nao usiudharau. Watu wananiletea mpingo wakidhani ndio bora kwa sababu ndio mgumu. Mpingo ni mzito hata unazama majini, na kwa zumari za Kizungu na vinyago sijui mti unaoupita, lakini kwa mpini wa nyundo au shoka unarudisha pigo lote mkononi. Chukua mkole. Unainama, unameza mtikisiko. Angalia nyuzi za mti zinakwenda moja kwa moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Zikitoka pembeni katikati ya mpini, hapo ndipo utakapovunjika. Na uwe umekauka. Mti mbichi unasinyaa ukikauka, chuma kinaanza kucheza. Wengi wanaloweka mpini majini ukaze. Unakaza kweli, lakini nyuzi zinavimba zikibanwa na chuma zinajiponda, ukikauka tena unakuwa umelegea kuliko mwanzo. Weka kabari.

Wale wanaotaka kujaribu nyumbani, vitu vitatu. Msitie motoni bomba la mabati, zinki inatoa moshi mweupe unaoleta homa na kubana kifua. Msitie motoni shokapu ya gari ikiwa haijatobolewa, mafuta yaliyofungiwa ndani hulipuka. Na oili ya kuzamishia ikishika moto, funika kwa bati au mwagia mchanga mkavu. Maji yatairusha ikiwaka.

Panga ulilonalo, mkuu, lifanyie kazi ya kufyeka nyasi na utalinoa kila siku. Kuna mtu kakushauri ulifungie kwenye kopo la chuma lenye unga wa mkaa na kulichoma saa nyingi ili kaboni iingie. Njia hiyo ni ya kweli na inatumika kwa gia na pini, lakini kaboni inaingia kina cha milimita moja hivi, na kwa panga utaimaliza kwa kunoa. Afadhali fundi alifue upya kuwa ndoano za kutundikia au komeo la geti, nondo inafaa sana huko. Ukishapata springi, ipige picha ikitoa cheche na uiweke hapa kabla hujalipa, nitakuambia kama ndiyo.