Kipandikizi cha jino chenye uso unaolowa: faida iko wiki za mwanzo

Daktari, umeuliza kama kipandikizi (skrubu inayowekwa kwenye taya badala ya mzizi wa jino) kinachohifadhiwa ndani ya maji ya chumvi kinashika mfupa haraka kuliko kikavu, vyote vikiwa vya metali ya titani iliyopigwa mchanga na kuchomwa kwa asidi. Ndiyo, ila mwanzoni tu. Katika vipimo vilivyofanywa kwa binadamu, siku ya 28 baada ya kuwekwa mfupa mpya ulikuwa umegusa takriban 48% ya uso unaolowa, yaani wa kile cha maji ya chumvi, dhidi ya 32% kwa mkavu. Siku ya 42 vyote vilikuwa karibu 62%.

Sababu ni kwamba titani ikikaa hewani hunasa uchafu wa kaboni, damu isienee vizuri. Uso safi, uliokingwa na hewa ndani ya maji ya chumvi, hulowa papo hapo: damu inaganda ndani ya vijishimo, na seli za mfupa zinafuata nyuzi za fibrini (protini inayogandisha damu) hadi kwenye titani yenyewe.

Kwa hiyo fungua chupa ya kipandikizi dakika ya mwisho. Usikiguse kwa glavu wala pamba, mate yasikifikie, acha damu ya tundu la mfupa ikiloweshe. Wiki ya 2 hadi ya 4 ndiyo ya hatari: mfupa wa zamani unaliwa kabla mpya haujakomaa, hivyo hata kilichokazwa vizuri kinaweza kulegea kikitafuniwa.

Halafu keekee ya kutobolea mfupa. Ikipasha mfupa hadi nyuzi joto 47 za Selsiasi kwa dakika moja, mfupa unaumia na hakuna uso utakaokuokoa. Mwagilia maji ya chumvi muda wote, tumia keekee kali, usikandamize.