Nati za injini ya kukamulia mawese zinazolegea

Ndugu yangu wa Mwandiga, umeeleza kwamba nati za kitako cha injini ya dizeli inayoendesha mashine yako ya kukamua mawese hulegea mara kwa mara, ingawa umeweka washa za springi, yaani pete za chuma zilizokatwa zinazokaa chini ya nati. Washa hizo hazisaidii sana, kwani mtikisiko unapoisukuma bolti kwa ubavu, nati hujifungua yenyewe taratibu. Kwenye kitako tumia nati zenye pete ya nailoni, na uhakikishe kwamba ncha ya bolti imetokeza juu ya pete kwa meno mawili hivi, la sivyo nailoni haijashika chochote. Nati ya namna hiyo ikizunguka kwa vidole hadi mwisho, itupe. Kwenye bomba la moshi usiiweke kabisa, maana nailoni hupoteza nguvu joto likipita takribani nyuzi 120 za Selsiasi. Huko tafuta nati ya kujifunga ya chuma kitupu. Ukiamua kutumia nati mbili kwenye bolti moja, nyembamba hutangulia chini na nene hukaa juu, jambo ambalo mafundi wengi hulifanya kinyume. Kabla ya kununua chochote, hata hivyo, kagua mbao zilizo chini ya injini: zikiwa zimelowa mafuta na kubonyea, zibadilishe na uweke bamba la chuma chini ya kila nati.